Mwongozo wa Mteja Aliyepeleka Pikipiki Gereji Ikitembea

Pikipiki yako ilikuwa ikitoa moshi kidogo, ukaipeleka kwa fundi. Sasa haitoi moshi hata chembe, kwa sababu haiwaki. Hongera: lile tatizo ulilokwenda nalo limekwisha, na mwongozo huu ni wako.

Umeandikwa kwa ajili ya watu wa Endasak na majirani zao wa Gendabi, Nangwa na Measkron, sisi tunaoishi chini ya Mlima Hanang, ingawa mtu wa Singida akiusoma hatadhurika. Mtu wa Dar es Salaam anaweza kugombana na fundi Jumatatu, na Jumanne akahamia gereji nyingine, hatua chache kutoka ile ya kwanza. Sisi hatuna anasa hiyo. Fundi aliyekuulia injini anaimba besi kwenye kwaya anayoimba mkeo, shamba lake la mbaazi limepakana na la shemeji yako, na hapa senta ndiye pekee mwenye puli ya kung'olea magneti. Ukimvunjia heshima mbele ya watu, siku pikipiki ikizima tena utaisukuma mpaka Katesh. Mwongozo unaokwambia "dai haki yako" na kukuacha hapo umeandikwa na mtu mwenye gari la ofisi.

Tuanze na saa ya kwanza, maana ndiyo inayoharibu kesi nyingi. Mteja anafika, anaambiwa "iko poa bosi, inataka tu kuzoea," anapanda, anapiga kiki: kimya. Anapiga tena. Vijana wa kijiweni wanasogea. Kila mmoja ana maoni, na kila mwenye maoni anataka naye aipige kiki. Baada ya muda injini imeshapigwa na nusu ya kitongoji, na fundi, ambaye muda wote huo amekaa juu ya tairi akifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe, anapata sentensi aliyokuwa akiitafuta: "Hapa sasa mmeiharibu wenyewe."

Kwa hiyo usiguse. Toa simu upige picha: injini pande zote mbili, namba zilizo kwenye spidomita, ardhi iliyo chini ya pikipiki kama kuna oili. Piga na kibao cha gereji, kama kipo. Gereji zetu nyingi ni gereji bubu, hazina kibao, leseni wala kitasa, kwa hiyo piga picha ya mti. Tabasamu unapopiga. Sema unamtumia mdogo wako aliye Arusha aone maendeleo.

Kisha omba spea za zamani, zile zilizotolewa. Hili ni ombi la kawaida kabisa na fundi mwenye kazi safi hulitarajia. Kama aliweka pistoni mpya, ile ya zamani iko wapi? Kama alibadilisha ringi, ringi zilizokwisha ziko wapi? Akikwambia amezitupa, angalia uwanja wa gereji yake, ambao haujawahi kutupwa kitu tangu alipofungua, na uulize tena kwa sauti ile ile.

Ukiwa hapo, omba na kopo. Kila gereji ina kopo, aghalabu la Blue Band la kilo moja, mdomo umepinda, nusu yake ni petroli iliyochanganyika na grisi nyeusi na nusu ni bolti za pikipiki za watu. Fundi akimaliza kuifunga injini yako na kubakiwa na bolti mbili na washa moja, huzitumbukiza humo polepole, bila kelele, kama mtu anayetoa sadaka. Ukimuuliza atakwambia kiwandani huwa wanaweka za ziada. Hakuna kiwanda kinachofanya hivyo. Wahindi wa Bajaj hawajafikia kuuza Boxer dunia nzima kwa kugawa bolti bure. Mimina kopo juu ya gunia, chambua taratibu. Zako ni zile ambazo bado zinang'aa na hazijashika kutu. Ziweke kwenye mfuko wa shati. Usiseme lolote. Fundi aliyeona mteja akiondoka na bolti mfukoni halali vizuri.

Sasa ujue unachodai, kwa sababu "ameniharibia" si dai, ni kilio. Chukua uharibifu ulio wa kawaida kuliko yote. Chini ya injini kuna bolti ya kumwagia oili. Bolti ni ya chuma, lakini kasha la injini ni la aluminiamu, na aluminiamu ni laini. Aliyeitengeneza anajua hivyo, na ameandika kitabuni bolti hiyo ikazwe kwa nguvu kiasi gani. Fundi naye anajua, ila kipimo alicho nacho ni bega lake. Anachukua spana, anaiona fupi, anachomeka kipande cha bomba kwenye mkia wa spana apate urefu, anakaza mpaka bolti inalia krrr, halafu ghafla inakuwa laini. Ule ulaini ndio fedha yako inayoondoka. Nyuzi za kasha zimekatika.

Hapo fundi mwaminifu angekupigia simu. Tundu hilo hutobolewa upya na kuchongwa uzi mkubwa zaidi, au huvalishwa bushi yenye uzi wake, kazi ya mtu mwenye mashine huko Babati. Wa kwako anazungushia bolti uzi alioufumua kwenye gunia la salfeti, anapaka gundi ya gasketi, anairudisha kwa vidole na kusema: "Hii haitoki tena, bosi." Na kweli siku hiyo haitoki. Itatoka ukiwa na abiria na debe mbili za maharage, kwenye mlima wowote wa kupandia Mbulu, nayo itatoka pamoja na oili yote. Utajua pale pistoni itakapong'ang'ania ndani ya silinda na gurudumu la nyuma likafunga. Vijana wa kijiweni watasema "imenoki", kwa furaha ambayo hawataificha vizuri.

Tofauti kati ya bolti na injini ndiyo tofauti kati ya fedha ya chakula na fedha ya ada. Kwa hiyo asubuhi baada ya kutoka gereji, kabla ya chai, inama uangalie chini ya pikipiki. Tone moja la oili lililoonekana mapema lina thamani kuliko mashahidi saba wa baadaye.

Utakapomkabili fundi, utakutana na utetezi. Upo wa aina nne hivi, na mafundi wote kuanzia Minjingu hadi Singida huutoa kwa mpangilio ule ule. Kwanza, ilikuwa imechoka. Hilo hujibiwa kwa kumkumbusha kwamba ilifika kwake ikitembea, na ikiwa imekupakia wewe. Pili, ni spea uliyoleta mwenyewe. Hapa kuwa mwangalifu, kwa sababu mara nyingi ana hoja: ulimpa boksi lililoandikwa orijino kwa herufi zilizokosewa, ulilolinunua kwa kuwa lilikuwa nusu ya bei ya jirani yake, tena bila risiti ya EFD kwa sababu muuzaji alikupunguzia "elfu mbili ya risiti". Tatu, ni petroli ya chupa. Huu ni utetezi mzuri sana na haukanushiki, maana sisi sote tumewahi kununua petroli ya chupa pembeni mwa njia, na hakuna ajuaye ndani ya ile chupa ya maji ya Kilimanjaro kuna petroli kiasi gani na mafuta ya taa kiasi gani. Lakini petroli mbovu hailegezi bolti. Mwambie hivyo, kwa heshima, ukigusa mfuko wa shati.

Utetezi wa nne ndio mkubwa: "Ni dogo ndiye aliyefunga." Dogo ni saidia fundi, kijana wa miaka kumi na sita aliyeachiwa injini yako wakati fundi amekwenda msibani. Tazama kando utamwona, anaosha kabureta kwa mswaki, masikio yamemsimama. Usimgeukie dogo. Hana fedha, na sheria haimtazami yeye: anayepokea kazi na kupokea malipo ndiye anayebeba makosa ya kijana wake, awe alikuwa msibani au mbinguni. Zaidi ya hayo, dogo ndiye shahidi wako bora. Mnunulie soda.

Niseme neno la haki hapa, ingawa mwongozo wa kejeli hauna wajibu huo. Mteja wa kwetu hubishana bei ya ufundi mpaka fundi akubali kufungua injini nzima kwa fedha ambayo isingetosha kununua kuku wa kienyeji mnadani, halafu hushangaa kwamba kazi imefanywa usiku kwa tochi ya simu. Fundi mwenyewe alifundishwa na fundi aliyefundishwa na fundi. VETA ipo tangu sheria yake ya mwaka 1994, ina chuo Babati, na ina hata utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti bila kumrudisha darasani. Wangapi hapa senta wameambiwa hivyo? Tunajua kumtangaza fundi mbovu kuliko tunavyojua kumtuma akapimwe.

Wazee watakwambia enzi zao haikuwa hivi. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kanada ilisaidia NAFCO, shirika la umma la kilimo, kulima ngano kule Bassotu, maelfu na maelfu ya ekari, na mashamba yale yalikuja na karakana, stoo ya spea, na ratiba ya matengenezo iliyofuatwa. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba Wabarbaig walipoteza malisho yao na makaburi ya wazee wao kwa ajili ya ngano hiyo, na kesi ya kijiji cha Mulbadaw dhidi ya NAFCO ilishinda Mahakama Kuu ikaja kubwagwa Mahakama ya Rufani mwaka 1985. Kwa hiyo mzee akianza kukusimulia jinsi trekta za Wakanada zilivyokuwa zikimwagwa oili kwa saa, msikilize, mshukuru, halafu umuulize gharama ililipwa na nani.

Turudi kwenye pikipiki. Hatua inayofuata ni kuhakikisha kwamba kilichorudi ndicho ulichopeleka. Mafundi wengi hawaibi, wanaazima. Kabureta ya kwenye Boxer yako ni nzima, ya mteja mwingine imekufa, na mteja huyo yuko pale amesimama anapiga kelele, wakati wewe hupo. Ni hesabu rahisi. Kwa hiyo kabla ya kupeleka chombo gereji weka alama zako: nukta ya rangi ya kucha ya mkeo chini ya kabureta, mkwaruzo kwenye betri, namba ya tairi kwenye daftari. Usimwambie fundi. Akikuona unainama chini ya tenki na kioo kidogo cha kunyolea, sema umedondosha hirizi.

Halafu kuna suala la "kuijaribu". Fundi ana haki ya kuijaribu pikipiki aliyoitengeneza. Hana haki ya kuijaribu mpaka Babati na kurudi akiwa na mahari. Utajuaje? Kwanza spidomita, kama uliipiga picha mwanzoni. Pili, Jeshi la Polisi limekusaidia bila wewe kuomba: faini za barabarani siku hizi huingia kwenye mfumo kwa namba ya chombo, na tangu mwaka 2021 faini ya kosa kwa pikipiki na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Ingia uangalie deni lako. Ukikuta pikipiki ambayo fundi aliapa ilikuwa imefunguliwa injini imeandikiwa kosa la kupakia mishikaki, una siku, kosa na namba ya malipo. Serikali imekuandalia ushahidi kwa elfu kumi tu. Lipa, na utunze risiti.

Sheria sasa. Usiogope, ni fupi, na iko upande wako kuliko unavyodhani. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, imekuwapo tangu 1961 na kwa sehemu kubwa ni mtoto wa sheria ya India ya mwaka 1872. Yaani imetoka nchi moja na Boxer yako, isipokuwa yenyewe haijawahi kunoki. Inasema mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kama mtu mwenye akili timamu anavyotunza ya kwake. Huhitaji mkataba wa maandishi. Kuiacha pikipiki gereji na fundi kuipokea kunatosha. Lakini sheria hiyo hiyo inampa fundi haki ya kukizuia chombo mpaka alipwe ujira wa kazi aliyoifanya sawasawa na mlivyoagana. Ndiyo maana akisema "lipa kwanza ndio utoe", usimwite mwizi mbele za watu. Kama una haraka, lipa, kisha palepale mtumie ujumbe: "Fundi, nimelipa ili nitoe chombo, ila kazi sijaikubali, injini inagonga." Ujumbe wa simu ni ushahidi unaopokelewa, tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Akijibu "pole bosi nitaangalia", amekuandikia hati kwa mkono wake. Akijibu kwa kidole gumba cha njano, nacho si haba.

Usikimbilie polisi. Kila siku kuna mtu anaingia kituoni akiwa na pistoni kwenye mfuko na kutoka nayo vilevile, akiwa ameambiwa: "Hilo ni la madai, nenda mahakamani." Askari hakosei. Kuharibu mali ni jinai pale inapofanywa kwa makusudi, na fundi wako hakukusudia. Kukusudia kunahitaji mpango. Polisi ni kwa ajili ya kabureta. Ikionekana imebadilishwa na ile yenye nukta ya rangi ya kucha iko kwenye pikipiki ya mtu mwingine, hiyo lugha imebadilika, ni wizi wa mali ya kukabidhiwa, na ghafla fundi atakumbuka ilikuwa ni kuazimana tu.

Usitegemee bima pia. Hiyo ndogo uliyokata ili trafiki asikusumbue inamlinda yule utakayemgonga. Ile kubwa huna, na hata ungekuwa nayo, bolti iliyokazwa kwa bomba si ajali.

Kuna Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ambayo kazi zake ni pamoja na kumlinda mlaji. Ofisi yake ya karibu nasi iko Arusha. Nenda, ikiwa una chombo cha kukufikisha.

Mahakama ya Mwanzo ndiyo njia iliyonyooka. Inasikiliza kwa Kiswahili, na uwezo wake kwa mali inayohamishika unafika madai ya shilingi milioni 30, kiasi ambacho kinatosha injini yako na za kijiwe kizima. Nenda na picha, ujumbe, bolti, risiti ya spea, na fundi wa pili wa kueleza kilichoharibika. Hapo kwenye fundi wa pili ndipo kesi nyingi hufia.

Kwa maana fundi wa pili ni mtu wa ajabu. Hajafungua hata kifuniko, ameinama tu, na tayari anatikisa kichwa: "Nani alikushikia hii?" Ni salamu ya kazi. Mafundi wote duniani wanaanza hivyo. Atakuonyesha gundi, atakuonyesha uzi wa gunia, atasema huyu si fundi bali ni mchinjaji, atasema mambo ambayo ungetamani hakimu ayasikie. Mwambie basi twende ukayaseme mbele ya hakimu. Utamwona anachukua bisibisi, anaitazama kana kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kuiona. "Unajua bosi, injini nazo zina mambo yake." Baada ya kuuliza huku na huku utagundua kwamba huyo mchinjaji ndiye aliyemfundisha kazi, na kwamba amemwoa dada yake. Suluhisho ni kumfanya aongee kabla hajajua unamtaka shahidi. Muulize maswali kwa sauti, mwenzako akiwapo, na kila anachosema kiandike kwenye daftari kama orodha ya spea za kununua. Tia tarehe. Muombe aandike bei kwa mkono wake.

Kabla ya hakimu, hata hivyo, pita kwa wakubwa wa hapa. Baraza la Kata, kwa sheria yake ya mwaka 1985, lipo kwanza kabisa ili watu wapatane, na fundi wa Endasak anaiogopa aibu ya kuitwa na mtendaji kuliko anavyoiogopa hukumu. Mtendaji asipokuwapo, tafuta mzee mmoja ambaye nyote mnamheshimu. Asiwe baba mkwe wako. Mwende nyote watatu jioni, mkae, na ujitayarishe: mzee hataanza na pikipiki. Ataanza na mvua. Atauliza hali ya ng'ombe, kisha ya mama, kisha ataeleza jinsi alivyonunua baiskeli ya Phoenix na ikadumu. Ukimkatiza umeshindwa kesi. Muda huo wote fundi anaiva taratibu, na pikipiki itakapotajwa mwishowe atakuwa ameshakubali mwenyewe.

Kama pikipiki ni ya mama, au mdai ni mwanamke, kuna njia nyingine ya kumlainisha fundi. Wabarbaig wana baraza la wanawake, girgwageda gademga, linaloweza kumtoza mwanaume dume la ng'ombe kwa kumkosea heshima mwanamke, na wanaume hawathubutu kulibishia. Kabureta, kwa bahati mbaya, haimo kwenye mamlaka yake, lakini fundi hana haja ya kulijua hilo mapema.

Mkikubaliana, andikeni. Karatasi moja, nakala mbili, mashahidi kila upande, muhuri wa mtendaji. Andikeni atafanya nini, kwa spea ya nani, mpaka lini. Usikubali "atairekebisha" peke yake. Aliyeiharibu kwa kuirekebisha akiahidi kuirekebisha, uliza kwa namna gani. Iliyo nzuri ni hii: yeye alipe kazi ya mashine Babati na spea, kazi ya kufunga ifanywe na mtu mwingine mbele yake, na dogo awepo ili angalau mtu mmoja ajifunze kitu. Kama pikipiki ni ya mkataba na unamlipa tajiri hesabu kila wiki, dai na siku ulizolala nyumbani, na umlete tajiri aseme mwenyewe. Tajiri ana sauti ambayo wewe huna.

Hatakuwa na fedha taslimu. Hilo lijue tangu mwanzo. Atakupa awamu mbili za kwanza kwa simu, ya tatu atakwambia mtandao unasumbua, na msimu wa mavuno ukifika atakuja mwenyewe, mchangamfu, akisema amekutengea gunia la mbaazi. Pokea, ila muandike bei ya siku hiyo, si ya "watakapokuja wanunuzi". Mwaka 2017 India ilipobana uingizaji wa mbaazi, watu wa Manyara walibaki na magunia ambayo hayakutosha hata gharama ya kuvuna, na kuna madeni hapa yaliyoyeyuka pamoja na bei ile.

Gunia liko kwake, kwako ni mbali, na pikipiki yako bado iko juu ya mawe. Atakuonea huruma. Atakwambia atalileta yeye kwa pikipiki yake, na wewe upande hapo nyuma. Nauli ya gunia juu yako, yako mwenyewe amekusamehe. Utaona inawaka kwa kiki moja na injini inanguruma vizuri sana kwa pikipiki ya umri ule. Kabla hujapanda, inama uchungulie chini ya kabureta.